Nyumba Yetu ya Magurudumu Pale Soy

Enzi zetu, wenzangu, kulikuwa na watoto wa nyumba ya mawe, watoto wa nyumba ya udongo, halafu sisi wa nyumba ya magurudumu. Baba alikuwa dereva wa kombaini, ile mashine ya kuvuna ngano, na nyumba yetu ilikuwa chumba cha mbao juu ya trela, ikivutwa na trekta shamba hadi shamba. Narok ikiiva, twende Narok. Uasin Gishu ikiiva, turudi Uasin Gishu. Mama alifunga sufuria kwa kamba, akafunika kuku kwa karai, na mimi nikakaa mlangoni miguu ikining'inia, nikipungia mkono shule nyingine tena. Shule nilizopungia ni nyingi mpaka nimesahau majina.

Ndipo siku moja tukaingia yadi ya Soy, nyuma ya posho mill, kinu cha kusaga unga, mahali watu wa mashine walikuwa wakingoja mvua iishe. Nakumbuka harufu ya dizeli na matope, na makapi ya ngano yakiniwasha shingo. Kabla trekta haijazimwa, watu wakatoka kwenye trela zao, kila mmoja na jiwe mkononi. Woi! Nilijificha nyuma ya Mama nikijua leo tunapigwa. Kumbe ilikuwa desturi yao. Mgeni hazuii gurudumu lake mwenyewe; majirani ndio humwekea mawe trela isirudi nyuma, kisha anaitwa chai.

"Sasa mmefika, Mama Wanjiru," alisema Mama Chebet, aliyefuga ng'ombe wake pale pale yadini. Alinipa mursik, maziwa yao ya kugandishwa kibuyuni, na nikakunja uso. Haikupita muda nikawa nagombania kibuyu na watoto wake. Mzee Abdi, mwenye lori la kubeba magunia, alileta sukari na wala hakuuliza sisi ni wa kabila gani.

Tulicheza, jamani! Tuliteleza juu ya marundo ya mabua mpaka suruali zikatoboka, tukacheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, mpaka giza likatufukuza. Ukikosea, mzazi yeyote alikuchapa, na ukienda kushtaki nyumbani unaongezwa. Vijana wa leo wakihamia mahali, salamu yao ya kwanza ni "Wi-Fi iko?" Sisi tuliuliza nani anapika chapati.

Pale ndipo nilipofika darasa la nane. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na dawati langu, na mwalimu aliyejua kwamba hesabu za sehemu zinanisumbua. Mtihani wa mwisho ulikuwa umekaribia. Na ngano ya Narok nayo ikaiva.

"Ngano haingoji mtu," Baba alisema.

"Na mtihani, unangoja?" Mama akamuuliza. "Huyu mtoto si gunia la kurushwa juu ya trela kila msimu. Atamalizia hapa."

Baba alicheka tu, akaenda kupaka mashine grisi. Mimi sikucheka. Nililia kwenye blanketi mpaka nikashikwa na kwikwi.

Asubuhi ya safari, Baba alileta trekta kutuvuta. Trela ilikuwa imekaa juu ya matofali, haina hata gurudumu moja. Mama alikuwa anaosha vikombe polepole, kana kwamba ni Jumapili.

"Magurudumu yako wapi?"

"Uliza majirani."

Mama Chebet alikuwa anakamua, amekalia tairi. "Hiki ni kiti changu, Baba Wanjiru. Usinitoe kwa kiti." Mzee Abdi ndiye aliyesema ukweli: "Yako mahali pazuri. Msichana akimaliza mtihani, tutayafunga sisi wenyewe. Wewe nenda, hawa tutawaangalia."

Baba alikasirika, tena sana. Alizunguka trela akitafuta wa kugombana naye, na kila jirani akasimama mlangoni pake akimtazama. Mwishowe alipangusa mikono kwa kitambaa na kusema, "Basi mniangalizie mtoto." Akaenda Narok peke yake, na msimu wote akalala chini ya kombaini. Nami nikafanya mtihani wangu nikapita.

Leo naishi Elgon View, mtaa wa wenye nazo. Nyumba ni ya mawe, ukuta ni mrefu, geti linafunguka lenyewe. Wiki iliyopita jirani yangu wa ukuta mmoja alihama, na nilijua nilipoona kibao cha nyumba ya kupangisha. Nilikuwa nikimwona binti yake amevaa sare ya shule. Alikuwa darasa gani? Sijui. Alitaka kwenda? Sijui, na hakuna mtu hapa mtaani aliyemuuliza.

Imetosha. Atakayehamia hapo, awe yeyote, nitabisha hodi kabla lori halijashusha kitanda. Nitauliza watoto wanaitwa nani na wako darasa gani. Akiniona mshamba, sawa. Atanizoea.