Ukuta Uliokuwa Kufuli Letu

Milango ya nyuma ya gari letu la kazi haikuwa na kufuli. Kitasa chake kilikufa zamani. Nilitafuta kingine Gisenyi nzima, nikavuka mpaka hadi Goma, nikakikosa. Mtu yeyote mwenye bisibisi angeifungua kwa dakika moja. Na ndani mlikuwa na riziki yangu yote: drili mbili, grenda, spana kubwa za bomba, na mashine ya kuunganisha mabomba ya plastiki kwa moto. Mimi ni fundi bomba. Wateja wakishangaa kuona mwanamke anatambaa kutoka chini ya sinki, huwa nawaambia maji hayamwulizi aliyeyafunga kama ni mama au baba.

Dereva wangu, aliyekulia Goma, mtu wa maneno mengi na breki chache, ndiye aliyepata dawa. Kila jioni tukifika uani kwangu Mbugangari, alirudisha gari kinyumenyume mpaka bampa ikagusa ukuta. Milango ikawa haina pa kufungukia. Ukuta wenyewe ulifika kifuani, wa yale mawe meusi ya volkano, yamepangwa tu bila saruji kama kuta nyingi za mtaa wetu. Sasa nani atahamisha ukuta? Tukalala usingizi wa pono. Tena getini nilikuwa na zamu, mlinzi wangu wa miaka mitatu, baba wa watoto wanne kutoka Nyakiriba, mfupi, anachechemea kidogo, mtu wa kusema "ndiyo, Mama" na kunyamaza.

Jumatatu moja drili moja haikuwepo. Gari lilikuwa pale pale, bampa imebusu ukuta, milango ya mbele imefungwa, vioo vizima. Nikajiambia nimeisahau kwa mteja. Baada ya wiki mbili ikaondoka grenda, Jumatatu vilevile. Tukapaka vishikio vya vyombo vyote rangi ya njano, tukavifunga mnyororo. Jumatatu nyingine tukakuta mnyororo umekatwa na spana mbili hazipo. Kuviingiza ndani kila siku nisingeweza; nyumba yangu ni vyumba viwili na tuko watu sita. Dereva akasema kikulacho ki nguoni mwako, huku anatazama getini. Zamu akaapa kwamba hakuna mutu aliyepita kwake.

Hapa lazima nikiri jambo. Nilikuwa na hasira, ndiyo, lakini zaidi ya hasira nilikuwa na hamu. Tangu utotoni kule Karagwe, ambako wazazi wangu waliishi kabla hatujarudi Rwanda, mimi ni mtu wa kufungua redio ili nione anayeongea yuko wapi. Mtu mwenye akili angeenda polisi. Mimi nikachukua kiti, nikaketi mbele ya gari langu, nikalitazama kama mganga anavyomtazama mgonjwa. Mwizi hakupita getini, hakuvunja kioo, hakusogeza gari. Kapita wapi, jamani?

Nikaanza kukumbuka siku. Kila Jumapili iliyotangulia wizi mvua ilikuwa imenyesha mchana. Nikanyunyiza unga wa muhogo chini ya gari nipate alama za miguu, mvua ikauchukua unga na alama zake. Nikazunguka nyuma, kwenye shamba la maharage la jirani, nikakaa kitako nikausoma ukuta jiwe kwa jiwe. Ndipo nilipoiona. Mawe yetu yanaota kuvu ya kijani upande wa nje, ule unaopigwa na mvua. Lakini sehemu moja, upana wa mlango, nyuma ya gari kabisa, kuvu ilikuwa imegeukia huku na kule. Jiwe hili kijani chake kimetazama chini, lile kimeingia ndani. Ukuta ule ulikuwa umebomolewa na kupangwa upya.

Weee, nilivyofurahi! Nilipiga makofi peke yangu katikati ya maharage. Mwizi anashusha mawe kwa upande wa jirani, anapata nafasi, anafungua mlango, anachukua anachotaka, kisha anarudisha mawe mahali pake. Na nani ana muda wa kupanga mawe mazito namna ile asiulizwe na mtu? Jibu nilikuwa nalo kabla sijasimama.

Nikamwita zamu. Nilimwita mbele ya dereva, na mbele ya majirani wawili waliokuja kuteka maji kwenye bomba langu, na kusema kweli sikuwaomba waondoke. Nilitaka wasikie. Nikaeleza mvua, nikaeleza unga, nikawapeleka hadi ukutani nikawaonyesha kuvu, jiwe kwa jiwe. Dereva akatikisa kichwa kwa mshangao, akasema donc, yaani basi, huyu mama angekuwa jaji.

Zamu alisubiri nimalize. "Ile mawe ni mi niliirudisha," akasema. "Mvua ikiisha nilikuta ukuta iko chini. Nikaogopa utanifukuza. Nikaipanga tena, unisamehe. Lakini vyombo sikugusa."

Nikacheka. Nikamwuliza utabomolewaje ukuta mita kumi kutoka kibandani kwake naye asisikie. Akasema mvua kwenye mabati inapiga kelele nyingi. Nikamwambia mficha uchi hazai, na kwamba mtu anayeficha wizi mara tatu huyo ndiye mwizi. Alikunja blanketi lake, akatia vitu vyake katika gunia la mchele, akaondoka kabla ya saa sita. Jioni mtaa mzima ulikuwa unajua. Zamu anauza jina lake tu. Akishaitwa mwizi, hakuna geti litakalomfungulia, na watoto wake wanne watakula nini sikuliwaza siku ile.

Jumapili iliyofuata nilifunga geti mwenyewe, nikakaa barazani nikimenya viazi. Mvua ikaja kutoka ziwani, nzito. Nilikuwa karibu na gari kuliko kibanda cha zamu kilivyo karibu nalo. Sikusikia kitu, wala sikuwa na wasiwasi. Mvua ilipopungua nikainuka kumwaga maganda, na pembeni ya gari nikaona ukuta hauko. Ng'ambo, mtu alikuwa anakatiza shamba la maharage na mashine yangu ya mabomba begani. Alikuwa mrefu kama nguzo ya umeme, na miguu yake yote miwili ilikuwa mizima kabisa. Nikapiga kelele, naye hata hakugeuka.

Mawe yalibaki yametawanyika juu ya maharage. Jirani aliniuliza kama siyaokoti. Nilikuwa nimesimama nayatazama, maana sasa hapakuwa na mtu wa kuyarudisha, na hapo ndipo nilipoelewa kila kitu. Aibu ilinipanda mpaka masikioni.

Kesho yake nilipanda pikipiki hadi Nyakiriba. Nilimkuta zamu analima kibarua katika shamba la viazi la mtu mwingine. Nikamweleza nilichoona, nikamwomba msamaha, nikamwambia kazi yake ipo. Aliendelea kulima mpaka mwisho wa tuta, ndipo akaegemea jembe.

"Mi nilikuambia ile siku, Mama," akasema. "Haukunisikia sababu ulikuwa unafurahi."

Ilikuwa kweli. Akasema atarudi, lakini nimemfukuza mbele ya watu, basi nimrudishe mbele ya watu, na si majirani wawili. Alitaka niseme kwenye mkutano wa umuganda, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mtaa wote ukiwepo.

Jumamosi hiyo tulizibua mitaro. Baada ya kazi watu wakaketi kwenye nyasi, majembe yao pembeni, na mwenyekiti wa mkutano akaniruhusu kusema. Zamu alikuwa amesimama nyuma kabisa. Nikasema kwamba mtu yule si mwizi, kwamba mimi nilimsingizia, na kwamba amekubali kurudi kunilindia nyumba. Watu wakanong'ona. Mzee mmoja akauliza nimejuaje sasa, maana juzi nilikuwa na ushahidi wa mawe na kila kitu.

Nilikuwa nao mwingine mzuri zaidi. Nilikuwa na yule mrefu, na mvua, na ukuta uliobaki wazi, na nilijua wangenisikiliza wote wakiwa midomo wazi. Maneno yalishafika kooni. Nikamtazama zamu, naye alikuwa ameinamisha uso anangoja nianze.

"Aliniambia mwenyewe siku ile, nami sikumsikia," nikasema. Nikaketi.