Mkono Ulioinuka Nyuma ya Kochi

Ilianza Jumamosi, saa kumi na dakika kumi jioni, wageni wa mama wa fellowship, kikundi chake cha maombi, walipobisha hodi. Mimi huona haya hata kusalimia watu. Nilificha mradi wangu wa sayansi nyuma ya kochi, nikajifungia chumbani. Ni mkono wa sweta ya shule uliojazwa magazeti na kufungwa kwenye mota ndogo, nao huinuka nikibonyeza simu.

Chumbani nikajiuliza kama Wi-Fi inapita ukuta. Nikabonyeza. Sikujua kwamba sebuleni pasta, aliyekuja na wageni, ndio kwanza alikuwa ameuliza nani ana ushuhuda.

"Nyambura, tumekuona, mami," nikasikia Mama Otieno, mmoja wa wageni, akisema. "Simama utuambie."

Nikadhani naitwa kusalimia. Badala ya kutoka, nikabonyeza tena mara tatu.

"Ona vile anainua mkono kwa bidii. Mama Nyambura, hebu msaidie asimame," akaendelea Mama Otieno.

Nikasikia kitu kikivutwa, kisha mlango wangu ukafunguka. Mama alikuwa ameshika mkono wa sweta, nyaya zikining'inia.

"Ushuhuda utatoa kesho kanisani," akasema.

Leo asubuhi pasta alipouliza, niliinua mkono wangu mwenyewe haraka. Ule wa sweta ulikuwa kwenye mkoba wa mama, na simu yangu alikuwa nayo yeye.