Dereva Achagua Breki ya Tela

Juzi niliingia duka moja la spea na vitu vya nyumbani huko Temeke, mtoto mgongoni, nimefuata utambi wa taa, nikamkuta dereva wa lori linalotupeleka Pugu kila Jumamosi, sisi na mizigo yetu nyuma kwenye tela. Ananunua breki ya tela hiyo! Kumbe siku zote haikuwa nayo, na mie napanda na mwanangu.

Mwenye duka alimwekea mbili mezani. "Hii unavuta mpini kwa mkono. Hii nyingine, ukikanyaga breki ya lori, tela nayo inashika papo hapo. Chukua hii, bwana. Ile ukisahau kuvuta mteremkoni, tela itakusukuma."

"Mie nisahau? Nipe ya mpini. Ikishindikana napiga honi, abiria wanaume wanaruka na magogo kuzuia magurudumu."

"Na mimi mwenye mtoto?" nilidakia.

"Wewe bibie, mshike mtoto, usali."

Nilichoka. Nikamwambia basi Jumamosi anipe kiti cha mbele, karibu na huo mpini wake, akisahau nitauvuta mwenyewe.

Alicheka hata akapiga meza. "Mwanamke ashike breki? Abiria wote watashuka!"

Ndugu wasomaji, niambieni nyie. Watu wamepanda tela isiyo na breki siku zote hizo bila hofu, leo waukimbie mkono wangu? Basi na washuke. Tela itakuwa nyepesi kuzuia.