Sanduku la Chai la Ignas Masele

Jumamosi moja ya mwaka 1958, saa tisa alasiri, Ignas Masele alikuwa amepiga magoti jukwaani katika klabu ya wachimbaji huko Geita, gitaa la besi la umeme limefunguliwa tumbo mbele yake. Dansi ingeanza saa kumi na mbili.

Gitaa lilikuwa la Pantaleo, kiongozi wa bendi yao ya Ngokolo, aliyelinunua kwa Mzungu aliyekuwa akirudi kwao. Kila lilipounganishwa na umeme wa jenereta, lilinguruma hata bila kuguswa. Jumamosi iliyopita wachezaji walizomea: "Mmetuletea mashine ya kusaga?"

"Bebe, wewe Masele," Pantaleo alimwambia sasa, "likinguruma tena leo, Jumatatu namwita Januari aache pamba yake aje ashike besi. Wewe urudi kwenye redio zako."

Ufundi wa redio ulimpa Masele chakula, lakini besi ndiyo iliyompa jina. Miaka sita alipiga besi ya sanduku la chai: fimbo, uzi mmoja na sanduku tupu lililoguna kama fahali. Hata leo alikuja nalo juu ya lori, kwa tahadhari.

Ubovu wa kwanza alishauona. Waya wa ardhi, unaoondoa kelele za umeme na uliopaswa kushikana na nyuzi, ulikuwa umekatika. Aliuunga, mngurumo ukapungua, haukuisha. Koili zilizo chini ya nyuzi, zinazodaka sauti, zilikuwa wazi, zikidaka pia kila uchafu wa umeme wa jenereta. Zilitaka kuzungushiwa metali, kama valvu za redio zinavyovikwa vikopo. Bati lisingepinda humo. Masele akaligeukia sanduku lake. Ndani, kama masanduku yote ya chai, lilitandikwa karatasi ya metali inayong'aa.

"Fundi, ukilivunja hilo na gitaa likakushinda, utapiga nini? Meno?" aliuliza Mwamvua, mwimbaji wao.

Masele alichomeka bisibisi kati ya mbao, akakandamiza. Sanduku lililia mara moja, likaachana.

Alikata karatasi vipande vipande, akavibandika ndani ya gitaa kwa uji mzito wa muhogo, gundi ileile aliyozoea kuzibia spika zilizochanika. Akafunga waya wa ardhi kwenye kipande kimoja, akawasha.

Nguuuu. Vilevile.

Saa kumi na moja ilishapita. Nje wachimbaji walianza kugonga mlango. Pantaleo alisimama mikono kiunoni, akimtazama.

Masele alipeleka kidole ndani. Aligusa kipande chenye waya: hakuna kilichobadilika. Akagusa cha pili: mngurumo ukayumba. Cha tatu: ukayumba tena. Jasho likamtoka. Uji wake! Umekauka kati ya kipande na kipande, kila kimoja kimebaki peke yake, hakishikani na kile chenye waya.

Alibandua kingo kwa kucha, akazikunja metali juu ya metali, akazibana kwa misumari midogo ya sanduku lilelile. Kidole kimoja kilitoka damu. Alipofunga skrubu ya mwisho, mlango ulikuwa wazi na watu wameingia.

Pantaleo akawasha. Kimya.

"Umewasha kweli?" Masele alinong'ona.

"Taa si hiyo inawaka? Piga!"

Alivuta uzi mnene. Sauti ikapita kwenye mbao za sakafu, ikapanda miguuni mwa watu. Ilipokoma, ilikoma kabisa.

"Januari tumwache alime pamba yake," alisema Pantaleo, akahesabu mapigo.

Kesho yake, kabla ya lori kuondoka, Mwamvua alichemshia bendi chai kwa mbao za lile sanduku. Masele alikunywa vikombe viwili.