Kura za Utani

Fundi cherehani waliyemwita Bi Mkasi, kwa sababu ya ulimi wake wala si ya kazi yake, alikuwa ameisusa siasa kwa miaka kumi na miwili. Kwa muda huohuo mtaro uliopita mbele ya kibanda chake ulikuwa umeziba. Kila mvua iliponyesha alipandisha vitambaa vya wateja juu ya meza, kisha akamtukana mwenyekiti wa mtaa mpaka akaishiwa maneno. Kupiga kura? "Nipange foleni kuchagua wa kuniongopea?" aliwauliza wateja huku akiwapima viuno. Nao walicheka, maana walikuwa wamechoka vilevile.

Siku ya uchaguzi wa mtaa alikuwa akikunja pindo la suruali, binti yake akaingia anahema.

"Mama, unaitwa ukumbini. Umeshinda."

"Nimeshinda nini?"

"Uenyekiti."

Sindano ilimchoma kidole, wala hakusikia maumivu. Alifika ukumbini futi ya kupimia ikiwa bado shingoni.

Mtaani kwao karatasi za kura hazikuchapwa majina. Kila mtu alipewa karatasi tupu akaandika amtakaye, na mkazi yeyote aliyeandikwa alihesabiwa. Katibu aliyasoma matokeo upya kwa ajili yake, na mwenyewe alionekana hayaamini: mwenyekiti kura themanini na moja, Bi Mkasi mia mbili na sita.

"Huu ni utani tu," mwenyekiti alisema, akimsogezea kalamu na karatasi ya matokeo. "Andika hapo kwamba hutaki, dada yangu, urudi kwenye nguo zako. Mimi wa pili nitaendelea."

Alitaka kukataa, tena upesi. Alijua kushona, kupiga pasi na kulalamika. Mkutano hakuwahi kuuendesha hata wa ukoo. Akaishika kalamu, lakini kabla ya kuandika akawageukia watu.

"Nani kaniandika kwa utani? Semeni ukweli, leo simtukani mtu."

Muuza mkaa akainua mkono, macho chini. "Mimi, mama. Nilikuja kumkera tu mwenyekiti. Nilijua niko peke yangu."

"Na mimi," alisema mkunga aliyekaa nyuma yake. "Sikumwambia hata mume wangu."

Mikono ikainuka safu kwa safu, na kila aliyeinua wake aligeuka kuitazama ya wenzake, mdomo wazi. Miaka yote hiyo walikaa majumbani, kila mmoja akidhani wenzake wameridhika.

Bi Mkasi aliduwaa kama wao. Akaketi. Akaandika kwamba amekubali.

"Msiishushe mikono kwanza," aliwaambia. "Katibu, andika majina yao wote. Kesho saa mbili asubuhi, pale mtaroni, kila mkono uje na jembe."