Ngitili ya Mama Nyuma ya Nyumba ya Kupanga

Nyuma ya vyumba tulivyopanga hapa Geita mjini kulikuwa na kipande cha ardhi kisichofika mbali, kinaishia kwenye ukuta wa jirani. Mimi nilikiona kama mahali pa kumwagia maji ya kufulia. Mama yangu, aliyekuja kukaa nami baada ya kutibiwa hospitali ya Kolandoto, alikiona kama malisho.

Mvua za kwanza ziliponyesha akakifunga. Alizungusha matawi ya miiba, akaniambia hiyo sasa ni ngitili, kama ile ya kwetu kijijini: majani yanaachwa yakue, haingii mtu wala mnyama mpaka kiangazi kikali, ng'ombe wakikosa chakula. Nikamuuliza ng'ombe wenyewe wako wapi. Akaniambia nisimletee ujuaji wa mjini.

Nilicheka, lakini asubuhi nikajikuta nimesimama naye na kikombe cha chai. Majani yalifika magotini, kisha kiunoni. Minana walikuja kuchana nyuzi za kujengea viota. Mama aliyajua majani yale yote kwa Kisukuma, nami niliyezoea mlio wa bodaboda na mashine za kusaga mawe nikaanza kusikia panzi. Nilikuwa na furaha, nisiseme uongo. Wapangaji wenzetu walipotaka kupanda mchicha, mama alikataa katakata. Ngitili hailimwi.

Kisha baba mwenye nyumba akaja.

"Shikamoo mama," alisema, akichungulia juu ya miiba.

"Marahaba, baba."

"Naona hapa pamekaa bure tu. Nataka niongeze vyumba viwili. Wachimbaji wanahangaika kweli na vyumba."

"Hapajakaa bure. Pamefungwa."

"Pamefungwa na nani, mama?"

Nikaingilia, nikabembeleza, nikaomba atuachie japo upande mmoja. Alinisikiliza kwa upole. Akasema laiti tungekuwa tumepanda hata mchicha, angesubiri tuvune. Ilinikata maini. Kwa macho yake, pale mama alipopalinda kwa moyo wote palikuwa pametelekezwa. Na nyumba ni yake.

Mafundi walifyeka kabla kiangazi hakijafika. Majani yakatupwa barabarani, pikipiki zikayakanyaga. Mama alikaa mlangoni akitazama, nami nikakaa kando yake, mtu mzima na mikono yangu miwili, sina la kufanya.

"Ng'wanone," akaniita, yaani mwanangu, kama alivyoniita nilipokuwa mtoto. "Nirudishe nyumbani. Nikakae karibu na ngitili yetu."

Ngitili yetu ilishachimbwa mashimo ya dhahabu mwaka juzi, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Aliyenipa habari hiyo ni yeye mwenyewe.

"Sawa, mama," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa, wala hakuinuka kwenda kufunga mizigo.