Maji ya Jirani

Jiji lilituagiza tuache maji yamwagike. Agizo hilo lilimshinda mama yangu kuliko baridi, kuliko theluji, kuliko watu wa kituo cha basi wanaosimama bega kwa bega bila kusalimiana.

Tunapanga nyumba ndogo ya matofali upande wa mashariki wa Toronto, si mbali na Crescent Town. Bomba linaloleta maji limezikwa kijuujuu chini ya barabara, na lilishawahi kuganda kabla hatujahamia. Kwa hiyo baridi kali ikiingia tunatakiwa kuiacha koki ya jikoni ikitiririsha maji membamba kama penseli, usiku na mchana, kwa sababu maji yanayotembea hayagandi upesi. Mtu wa jiji alinieleza hayo kwenye simu kwa upole mkubwa. Nilimweleza mama kwa upole uleule, nikamweleza tena, na mara ya tatu upole ukawa umekwisha.

Alivumilia siku chache. Alikuwa akipita jikoni akiitazama ile koki kwa jicho la pembeni, kama mtu anayetazama mgeni mlafi mezani. Kisha alfajiri moja ya Februari niliamka kujiandaa kwenda kazini nikakuta imefungwa, tena imekazwa kwa nguvu ambazo sikujua kama bado anazo. Niliifungua. Ikakohoa kidogo, ikanyamaza.

Binti yangu alitokea bafuni na mswaki mkononi. Ana miaka kumi na mitano na Kiswahili chake ni cha kuokoteza.

“Mom, hakuna maji. Like, nothing.”

Mama alikuwa ameshakaa mezani na khanga yake mabegani, ametulia tuli.

“Mama, nani kafunga koki?”

“Nimefunga mimi. Maji yalikuwa yanamwagika.”

Alisema hivyo kama anayemjibu mjinga, nami sikuwa na nguvu ya kubishana. Niliomba ruhusa kazini, nikapiga simu ya jiji, nikawekewa muziki. Walioganda tulikuwa wengi siku hiyo. Nilikuwa bado nausubiri muziki uishe ilipoingia simu nyingine. Ilitoka kwenye nyumba ya wazee. Nafasi ya mama imepatikana, nijibu kabla ya kesho jioni, nikichelewa watampa mwingine.

Hapo inabidi nieleze. Mama anasahau. Ameunguza sufuria mpaka jiko likajaa moshi. Humwita binti yangu kwa jina la dada yake aliyezikwa zamani. Vuli iliyopita alitoka peke yake, tukamkuta kituoni akisubiri basi la kwenda sokoni Dodoma. Binti yangu huenda shule asubuhi, mimi hurudi kutoka kazini alasiri, na saa zile za katikati ndizo zilizokuwa zikinila roho. Muuguzi aliyekuja kumpima aliniambia tuombe nafasi, na siku akianza kutoka nje kwenye theluji nisisite hata kidogo. Tukaomba. Kaka yangu, aliyeko Dodoma, alinitumia ujumbe wa sauti: ng'ombe haelemewi na nunduye. Ni kweli kabisa. Ila ng'ombe niliyekuwa nikimwona ni mimi peke yangu, na kaka nundu yake ni kifurushi cha intaneti.

Mimi mwenyewe kazi yangu ni kuosha wazee. Nimewaosha mama za watu kwa miaka, nimewavika soksi, nimewasikiliza wakiita watoto wao. Siwezi kusema ni mahali pabaya. Kuna joto, kuna dawa kwa wakati, kuna wasichana wenye mikono mizuri kutoka Kongo na Burundi ambao huimba wakitandika vitanda. Lakini nilishaapa kwamba mama yangu hataingia humo. Asubuhi ile, nikiwa na sinki kavu mbele yangu na muziki wa jiji sikioni, kiapo hicho nilikiona kama nguo niliyonunua nikiwa mwembamba.

Niliamua moyoni kwamba kesho nitasema ndiyo. Mtu asiyeweza kuacha koki wazi baada ya kuelezwa mara tatu hawezi kuachwa peke yake. Ndivyo nilivyojiambia, na nilipojiambia nilipata nafuu, na ile nafuu ikaniuma.

Niseme haki ya jiji: walikuja. Wanaume wawili waliingia jioni na viatu vyao vizito, wakashuka chumba cha chini, wakalipapasa bomba linapoingilia ukutani, wakatoka nje, wakarudi. Barafu iko upande wetu, walisema, maana yake upande wa jiji, chini ya barabara, kwa hiyo mwenye nyumba hadaiwi kitu wala mimi sidaiwi. Ila mashine ya kuyeyusha ina foleni ndefu. Kwa sasa watatuazima maji ya jirani.

Jirani ni mzee mjane anayeishi peke yake. Tulikuwa tunajuana kwa makoleo ya theluji tu, yeye anasukuma upande wake, mimi wangu, tunainuliana vidole. Kiingereza chake na changu vyote ni vya kununua. Walipombishia hodi hakuuliza swali. Wakavuta mpira wa maji kutoka kwenye koki ya nje ya nyumba yake, wakaupitisha juu ya theluji mpaka kwenye koki yetu ya nje, na maji yakaingia nyumbani kwetu kwa kinyumenyume. Binti yangu alipiga makofi. Mimi nilikaa kwenye ngazi nikalia kidogo, kwa uchovu tu, nikafuta uso kabla hawajaniona.

“Muhimu sana,” alisema mmoja wa wale watu wa jiji, mwenye ndevu, “koki ya jikoni isifungwe hata kidogo. Mpira uko nje. Maji yakisimama, unaganda.”

Nilimfasiria mama. Safari hii uso wake ulibadilika.

“Maji haya ni ya nani?”

“Ya yule mzee, Mama. Ametuazima.”

“Halafu mnayamwaga?”

Binti yangu alicheka. Mama hakucheka. Alikwenda kuchukua ndoo, akaiweka chini ya koki, akavuta kiti akakaa mbele yake.

Kesho yake nilikwenda kazini. Kabla ya kutoka niliihakikisha koki, nikamsihi mama, nikambusu utosini. Siku nzima niliosha watu huku nikipanga maneno ya kumwambia mama kuhusu ile nafasi, na maneno yote yalikuwa mabaya. Nilirudi alasiri. Nilipokata kona ya mtaa wetu nilimwona.

Alikuwa nje. Kwenye theluji, katika ile baridi inayokata masikio, mama yangu alikuwa akitembea kuelekea mlango wa jirani na ndoo kichwani.

Nilitaka kupiga kelele, nikaogopa atashtuka ateleze. Nilimfuata haraka haraka nikiikanyaga barafu kama mlevi. Nilipomkaribia ndipo nikaona vizuri. Alikuwa amevaa koti lake, limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni. Alikuwa amevaa mabuti yangu na soksi nene. Chini ya ndoo kulikuwa na taulo lililosokotwa ngata safi kabisa, na juu ya maji yalielea majani ya spinachi kutoka kwenye friji yetu, yaliyotandazwa ili maji yasirukeruke njiani. Mkono mmoja alikuwa ameuachia. Hakumwaga hata tone.

Alipofika mlangoni aligonga kwa kiganja. Mzee alifungua akiwa na fulana na ndala, akamtazama, akanitazama mimi nyuma yake nikihema.

“Hodi, baba,” mama alisema. “Maji yako haya. Yamezidi.”

Mzee hakujua neno hata moja. Sijui kwao ni wapi na sijui walichota wapi maji alipokuwa mdogo. Lakini aliinua mikono yote miwili, akaipokea ndoo kutoka kichwani kwa mama taratibu, kama mtu aliyewahi kufanya hivyo, akaiingiza ndani. Akarudi na ndoo tupu. Majani ya spinachi aliyarudisha yakiwa yamekunjwa kwenye karatasi.

Nilimshika mama mkono tukarudi. Nilikuwa nimekasirika mpaka meno yakagongana, au ilikuwa baridi.

“Mama, unatoka nje namna hii? Ungeanguka je? Ungekufa?”

“Ndoo zimejaa,” alisema. “Sufuria zimejaa. Beseni limejaa. Nimefua mapazia. Umesema nisifunge. Ningeyapeleka wapi?”

“Yangeenda zake kwenye sinki!”

Alisimama katikati ya njia akanigeukia. Miezi mingi alikuwa hajanitazama hivyo, macho makavu, ya mama wa watoto sita aliyekuwa akiamka kabla ya jogoo kwenda kufukua mchanga wa mto uliokauka, na kusubiri maji yajikusanye shimoni kidogo kidogo, na kuyateka kwa kibuyu mpaka ndoo ijae.

“Maji ya jirani hayamwagwi,” alisema. “Wewe ulilelewa na nani?”

Tuliingia ndani. Jikoni kila chombo tulichonacho kilikuwa kimejaa na kufunikwa kwa sahani, vimepangwa kwa ukubwa, na koki ilikuwa ikitiririka wembamba uleule wa penseli juu ya beseni. Sakafu ilikuwa kavu. Jiko lilikuwa limezimwa. Mama alivua mabuti, akakaa kwenye kiti chake, na baada ya muda akaniuliza, “Yule baba ni nani?”

Nilimwambia ni jirani. Akaniuliza tena, nikamwambia tena.

Jioni ikakaribia. Nilikaa na simu mkononi nikawaza kule ninakofanya kazi. Koki za kule zinajifunga zenyewe ukiondoa mikono. Hakuna ndoo. Hakuna anayemwomba mzee chochote isipokuwa ainue mkono avalishwe. Nikapiga simu nikasema hapana, asante, mpeni mwingine. Sikujiona shujaa. Nilijua nimejiongezea miaka ya kuchoka, na nilikuwa tayari nimechoka. Nikaomba kubadilishiwa zamu, na tangu hapo nalala vipande vipande.

Mashine ya jiji ilikuja baadaye ikayeyusha bomba, mpira ukakunjwa, lakini tuliambiwa tuendelee kuiacha koki wazi mpaka ardhi ipate joto. Mama aliendelea. Aliamka kila alfajiri, akabadilisha ndoo, akafua, akadeki, akamwagilia mchicha alioupanda kwenye makopo dirishani. Siku nyingine hakumkumbuka mjukuu wake. Ndoo hakuisahau.

Aprili, theluji ilipokwisha, niliwapigia jiji kuuliza. Mama wa watu aliyepokea akaniambia hatari imepita, nifunge, nisije nikayalipia maji bure. Nikamshukuru. Nilipogeuka mama alikuwa amesimama mlangoni na ndoo tupu mkononi, ananisubiri.

“Wanasemaje hao wenye maji? Tufunge?”

Nilimtazama mikono.

“Wanasema bado, Mama,” nikamwambia. “Endelea.”